Firefox kwenye kufuta kashe na kuki, mimi nimeikubali

Jamani Firefox, kile kivinjari cha kuingilia mtandaoni, naitumia kwenye laptop siku nyingi ila kilichonifanya niipende kweli ni hii ya kufuta kuki (vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye kompyuta yako) za tovuti moja tu bila kugusa zingine. Juzi kuna tovuti ya kukata tiketi ilikuwa inanizungusha, naweka neno la siri inanirudisha palepale, naweka tena inanirudisha, mara tano nzima na basi lenyewe la kesho yake alfajiri. Nikabonyeza kale kakufuli pembeni ya anwani pale juu, nikachagua kufuta kuki na data za tovuti, nikakubali, nikaingia upya, ikafunguka hapohapo. Kwenye imeili yangu wala sikutolewa.

Ukitaka kusafisha kila kitu bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, unachagua muda, saa moja iliyopita, leo au vyote. Hapo angalieni tiki vizuri kwanza maana wengi wanachanganya, kashe ni picha na mafaili ya kurasa yaliyotunzwa ili zifunguke haraka, ukifuta unapoteza bando kidogo tu sababu zinapakuliwa upya, ila kuki ndo zinakumbuka kwamba ulishaingia, ukizifuta zote unatolewa kila mahali. Maneno ya siri uliyohifadhi yanabaki.

Na kama ukurasa unaleta mambo ya zamani tu, anza na Ctrl na F5 kwa pamoja, ukurasa unapakuliwa upya, mara nyingi hata kufuta hakuhitajiki.

Kwangu nyota tano.