"Kuran ni kuran", yaani umeme ni umeme: transfoma ya volti 9 iliyonichomea pedali

Nyota moja, na hiyo moja si ya duka, ni ya mzee fundi wa redio anayekaa nje ya mlango wake. Duka lenyewe lipo hapa Lubumbashi. Jina naliacha, sitaki kesi.

Mimi natengeneza pedali za gitaa kwa raha zangu tu, halafu nazipigia kwenye kwaya ya kanisa. Baba mdogo, anayemwabudu Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa zamani wa Katanga, huniuliza kila mara kama yule alihitaji kisanduku cha kukanyaga ndipo gitaa liseme. Hakukihitaji. Mimi nakihitaji. Safari hii nilikuwa naiga saketi ya Tube Screamer, ile pedali ya kampuni ya Ibanez: chipu moja ya 4558 na dayodi ndogo za kukata ncha za mawimbi, sauti inapata mkwaruzo mtamu na bado kila kidole unakisikia. Kasha nilimwomba fundi wa sufuria anisubie la alumini. Jioni baada ya jioni, pasi ya kulehemu mkononi, moshi machoni, na umeme ukikatika unakaa tu gizani na waya zako.

Ikabaki transfoma ya kuilisha umeme. Nilikwenda dukani na kipimo mfukoni, nikamwambia mwenye duka kwa heshima zote, "Papa, samahani, naomba niipime kwanza..." Sikumaliza.

"Mutoto, apa ni magazini, haiko opitali. Hatupimaka bagonjwa."

Yaani hapa ni duka, si hospitali. Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikajaribu kumweleza kwamba pedali nyingi, kwa mtindo wa kampuni ya Boss, zinataka hasi katikati ya plagi na chanya nje, kinyume cha vyombo vingi vya nyumbani. Akanigeuzia lebo: duara dogo, alama ya kutoa katikati. "Njo hii. Na ata kama haiko hii, kuran ni kuran." Nikalipa franka 15 000, mpole kama kondoo.

Nyumbani umeme haukuwepo. Ulirudi usiku, na mimi kwa hamu niliyokuwa nayo nikachomeka papo hapo. Taa ndogo ya pedali haikuwaka. Mwenye akili angechomoa. Mimi nikajiambia labda taa nimeigeuza miguu, nikakanyaga swichi tena, nikaongeza ampli. Kimya. Halafu harufu. Kapasita ya pale umeme unapoingilia ilikuwa imefura kichwa kama andazi. Nikagusa ile 4558 na kidole kikaruka chenyewe. Siku mbili nilitembea na alama ya pembe nne kwenye ncha ya kidole cha kushika nyuzi, na Jumapili ile kwaya walinisikia nikikosea.

Ndipo nikapima. Ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi ukingoni: volti 13 na kitu, chanya katikati, kinyume cha lebo. Hiyo 13 sina ugomvi nayo sana, transfoma za bei rahisi husoma juu zikiwa hazijabeba mzigo. Lakini mchoro! Mtu amekaa mahali, akachapa uongo kwenye karatasi, akaubandika.

Najua mtakaloniambia. Kipimo ulikuwa nacho, kwa nini hukupima kabla ya kuchomeka? Kwa sababu kichwani nilikuwa bado nabishana na yule papa, na katika ubishi huo nilikuwa nashinda. Na dayodi ya kinga dhidi ya umeme uliogeuzwa, ile 1N4001 ya bei ya karanga? Ilikuwa mezani. Uvivu. Haya, nimekiri, sasa turudi kwake.

Nilirudi dukani. "Weye njo mwenye kuunguza. Uko enjenieri?" Nikachomeka ile transfoma yake pale pale kwenye kaunta, nikapima mbele ya watu, nikamwonyesha namba. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema kipimo changu ni cha China. Kipimo! Na transfoma yake ilitoka wapi, hapo Likasi mji wa jirani?

Nilipotoka natetemeka, yule mzee wa nje akaniita. "Leta, mwanangu." Pasi yake huitia moto kwenye mbabula, jiko la mkaa, umeme uwepo usiwepo. Akakata waya wa transfoma katikati, akazipishanisha nyaya zake mbili za ndani, akalehemu, akazungushia utepe mweusi. Nikapima: ileile 13, sasa hasi. Akang'oa 4558 iliyokufa, akaweka soketi kwanza ndipo chipu mpya, "ikikufa tena utaitoa kama jino." Dayodi akaitia yeye mwenyewe bila kunisimanga. Kapasita iliyofura akaiwekea kubwa zaidi, na ule mvumo wa chini wa transfoma ukapungua nusu. Akadai franka 3 000.

Na hapa ndipo hasira yangu inachanganyikiwa. Chipu mpya aliitoa wapi? Aliingia dukani humo humo, akatoka nayo. Na ni nzuri. Kwenye solo ya pili ya ule wimbo wetu wa sadaka, noti inashikilia mpaka mama wa kwaya wanageuka. Tangu nianze sijapata mahali pengine penye 4558 zisizo na kelele. Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, nikiwa mkweli kuhusu bidhaa. Nikikumbuka "opitali" nashusha mpaka moja.

Juzi nilipita kununua 4558 mbili za akiba. Mwenye duka aliniita "enjenieri", sijui ni kwa dharau au kwa heshima, nikalipa nikatoka bila kuaga. Zile transfoma bado zinaning'inia nyuma yake, na lebo ni ileile.