"Kidogo tu": siku wifi yangu alipolishwa nguruwe Guangzhou

Nianze na lile linaloniuma, mengine yatafuata. Tulikaa mezani watu wazima wawili, nikauliza kama chakula kina nguruwe, nikajibiwa hakina, wifi yangu akala, na nguruwe alikuwemo. Nilipomwita mhudumu nimwonyeshe, akabana kidole gumba na cha shahada mbele ya uso wangu, kama mtu aliyeshika punje ya mchele, akasema "yi dian dian". Kidogo tu. Halafu akacheka.

Ni kicheko hicho kinachonifanya niandike. Nguruwe ningemmeza kwa uchungu nikanyamaza.

Jina la mgahawa silitaji. Ni kimgahawa cha Kisichuan, mapishi ya jimbo la Sichuan, meza kama nane hivi, mitaa ya nyuma ya soko la ngozi la Baiyun, upande wa Sanyuanli. Wenzangu mnaochukua mikoba na kuishusha Kariakoo mtakuwa mmekipita mara nyingi. Tulikwenda baada ya Idi el-Fitri, mwaka juzi au ule wa nyuma yake, na ilikuwa kipindi cha Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou. Maonyesho yale yako tangu 1957, na kila yakifika, Aprili na Oktoba, hoteli za Guangzhou zinapanda bei. Kawaida mimi nafikia mtaa wa Xiaobei, ambako ukitoka mlangoni tu unakutana na vyakula vya halali kila upande. Safari ile Xiaobei haikushikika, tukapata chumba huku Sanyuanli.

Wifi yangu amenizidi miaka kumi na tatu. Ilikuwa safari yake ya kwanza China, na alikuwa anafunga sita zake, zile siku sita za baada ya Idi. Nilimwambia wewe ni msafiri, pumzika, utafunga ukirudi. Akasema akirudi atakuwa na mizigo ya kutoa bandarini, bora amalize. Basi siku nzima tumepanda na kushuka ngazi za soko lile, tunalinganisha zipu, tunabishana bei kwa kikokotoo, yeye koo kavu. Magharibi ilimkuta kwenye kibaraza cha duka moja, akafungua kwa tende tatu na maji ya chupa. Nje mvua, ile mvua ya Guangzhou inayoshuka kama imemwagwa kwa ndoo.

Tukaingia pale. Menyu ya karatasi hakuna, mezani kumebandikwa msimbo, unauskani kwa simu, unaona picha, unachagua na kulipa hapo hapo kabla hujala. Hilo sina ugomvi nalo, nimelizoea, kadi yangu ya benki ya nyumbani nimeiunganisha na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, na inafanya kazi. Tukachagua mboga tupu, kwa makusudi. Mayai ya kukaanga na nyanya, majani mabichi ya kitunguu saumu, viazi vilivyochanwa vyembamba vya siki na pilipili, wali, na bilinganya.

Bilinganya ndiyo iliyotuponza. Simu ilitafsiri jina lake "bilinganya yenye harufu ya samaki". Wifi ni mtu wa Tanga. Kusikia samaki uso ukamchanua, akasema hiyo hiyo, wifi, hiyo hiyo. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba katika chakula kile samaki hayumo hata mfupa. Ni jina la mchanganyiko wa viungo vya Kisichuan, saumu, tangawizi, siki, sukari na pilipili ya kuchachushwa, ambao eti ni viungo vya kupikia samaki. Na wapishi wengi wanakoleza kwa nguruwe wa kusaga. Kwa hiyo jina linakutajia mnyama asiyekuwepo na linakuficha aliyepo.

Mimi sikutegemea jina. Niliuliza. Maneno mawili ya kwanza kila Mwislamu anayekwenda kule anafundishwa kabla ya "bei gani" ni "zhu rou", nyama ya nguruwe. Nilimwita yule binti, nikamwelekeza picha zote kwenye simu yangu moja moja, nikasema "zhu rou, mei you?" Akajibu "mei you, mei you", hamna, hamna, na macho yake hayakutoka kwenye simu yake.

Chakula kikaja haraka. Nikiri, yale mayai na nyanya sijapata kula tena yaliyopikwa namna ile. Laini, rojo tamu kidogo, ukimwagia wali huna haja ya kitu kingine. Viazi navyo vilikuwa vinavunjika mdomoni. Wifi yeye alikwenda moja kwa moja kwenye bilinganya, akala matonge matatu au manne, akasema samaki simpati lakini ni tamu. Mimi nikanyoosha vijiti na mimi. Nikaona vichembe vya kijivu vimegandana kwenye ngozi ya bilinganya. Nikageuza, vingine. Nikachimba chini ya bakuli, vimejaa.

Nikamwambia wifi, acha kwanza. Akaacha vijiti pale pale.

Nikamwita binti. Nikatafuta picha ya nguruwe kwenye simu, nguruwe mzima wa pinki, nikamwekea karibu na bakuli, nikauliza tena. Hapo ndipo alipobana vidole. "Yi dian dian." Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga bilauri, akamwambia neno, wakacheka wote. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka: akachukua vijiti vya wifi yangu, vile alivyokuwa anakulia, akaanza kuokota vile vichembe kimoja kimoja na kuviweka pembeni ya sahani. Alipookota kama kumi hivi akalisogeza bakuli mbele ya wifi, akamwashiria: kula sasa.

Wifi yangu hakusema kitu. Alichukua bilauri ya maji ya moto, maana kule maji unapewa ya moto, akasukutua, akatema kwenye karatasi, akasukutua tena. Mara tatu, kama anatawadha. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameketi na ushungi wake katikati ya watu wanaomtazama, anasukutua mdomo.

Mimi nikaenda kaunta. Mwenye mgahawa alikuwa anaangalia video. Nikaandika kwenye simu kwa Kiingereza, ikatafsiri, nikampa asome. Akaandika jibu, simu ikanirudishia: ni nyama kidogo ya kuleta ladha, chakula chenyewe ni mboga. Nikaandika kwamba sisi dini yetu hairuhusu hata kidogo, na niliuliza kabla. Akapunga mkono kama anayefukuza inzi, akarudi kwenye video yake. Bilinganya ilikuwa yuan 28. Hela hiyo siililii. Na zile sahani za kufungwa kwa nailoni walizotutoza yuan mbili mbili nazo sizililii. Nilitaka mtu mmoja tu katika nyumba ile asimame, amtazame wifi yangu usoni, aone amefanya nini. Hakusimama mtu.

Nilipaza sauti. Nilisema kwa Kiswahili, maana hasira haitafsiriki, na sijui walielewa nini. Wifi ndiye aliyenishika mkono. "Twende, wifi. Aliyekula bila kujua hana dhambi. Usijitie wewe katika dhambi ya kugombana."

Sasa, kuna jambo ambalo haki inanilazimisha niliseme. Usiku ule nilimpigia kijana wetu wa mizigo, Mtanzania aliyesoma kule na sasa anapakia makontena. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Dada, labda binti hakukudanganya. Ulivyomwuliza, 'nyama ya nguruwe, hamna?', inawezekana alidhani unataka kuagiza nguruwe. Akakujibu leo hamna." Akaniambia pia kwamba kwao kitu kinaitwa cha nyama kama nyama ndiyo yenyewe uliyoiagiza. Ile ya kusaga kwenye mboga wanaihesabu kiungo. Akanipa mfano wa kwetu: mama akitia uduvi kwenye mchicha, ukimwuliza kama kuna samaki atakuambia hamna, ni mchicha huu. Kweli. Mama yangu mwenyewe angejibu hivyo.

Nikalala na mfano huo. Asubuhi nilikuwa karibu kumsamehe binti, nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba kosa ni la lugha yangu mbovu. Nafikiri bado kwamba kwenye swali la kwanza anaweza kuwa hana hatia.

Lakini picha ya nguruwe haina sarufi! Pale hapakuwa na cha kutafsiri. Aliona, akaelewa, akajibu "kidogo", akacheka, akaokota kwa vijiti vya mtu. Na wala msiniambie kwamba hawajui Waislamu. Guangzhou hii wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiajemi walikuwa wanakaa tangu enzi za ufalme wa kale wa Tang. Msikiti wa Huaisheng na mnara wake uko katikati ya mji, una mamia ya miaka. Karibu na bustani ya Yuexiu kuna kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na Ijumaa watu wanajaa pale mpaka nje, Wachina, Waarabu, Wasomali, sisi. Kutoka Sanyuanli ni vituo viwili vya treni. Anayefanya kazi ya chakula kwenye mji huo, jirani na soko linalojaa wanawake wa ushungi kila siku, hajui? Anajua. Hajali.

Kesho yake jioni nilimpeleka wifi Xiaobei kwa nguvu. Unapanda laini namba mbili kituo kimoja mpaka stesheni kuu, unabadili laini namba tano kituo kimoja, umefika. Dakika hazifiki ishirini. Tukaingia kwenye duka la tambi za kuvuta kwa mkono, bango la kijani, maandishi ya Kiarabu, mzee wa Kihui, wale Wachina Waislamu, na kofia yake nyeupe nyuma ya meza ya unga. Alipomwona wifi aliitoa salamu kwa lafudhi yake, wifi akaitikia, na nikaona mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu jana. Mzee akamwuliza kwa mikono, nyembamba au pana? Wifi akaonyesha upana wa kidole. Akauvuta ule unga, akaukunja, akauvuta, akaupiga mezani, sekunde chache ukawa tambi. Supu ya ng'ombe nyeupe, vipande vya figili, mafuta ya pilipili mekundu juu, kotimiri. Yuan 16. Wifi alimaliza mpaka supu, akaongezewa bila kuomba.

Na mimi nilikaa mbele ya bakuli langu nikashindwa kula. Maana vituo viwili! Kule Sanyuanli yeye ndiye aliyesema twende Xiaobei tukale, wifi, hata kama mvua. Mimi ndiye niliyesema miguu inaniuma, tule hapa hapa, nitauliza, lugha naijua. Nilimtoa kwenye futari ya halali kwa uvivu wa vituo viwili.

Siku kama tatu zikapita, nikiwa nalipia mkanda wa kufungia mizigo nikaona kwenye simu nimerudishiwa hela. Yuan 28, za bilinganya kamili. Hakuna ujumbe, hakuna neno. Nilisimama pale nikaitazama. Nani aliyerudisha, yule mwenye video? Au binti mwenyewe alimwambia? Saa nyingine nafikiri ni binti, kwamba labda tulipotoka aliona lile bakuli na ile karatasi ya wifi pembeni, kicheko kikamwishia. Wachina wengine wanacheka wakiona haya, hilo nimeliona kwa wenye maduka wakishikwa na kosa la mzigo. Ikiwa kicheko kile kilikuwa cha haya, basi nimembebea binti wa watu chuki ya bure kwa muda mrefu. Ikiwa hakikuwa cha haya, yuan 28 zimelipa bilinganya, na wifi yangu bado anadai.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota moja. Naweka mbili, moja ya mayai na nyanya, moja ya hela iliyorudi. Tatu siwezi. Ukiwa huna masharti ya chakula ingia, utakula vizuri na rahisi. Ukiwa Mwislamu usiulize kama kuna nguruwe, swali hilo linaingia vibaya. Sema "wo shi musilin", mimi ni Mwislamu, na uliza "qing zhen", halali. Wakikutikisia kichwa, toka. Bilinganya ya harufu ya samaki usiiguse nje ya duka la bango la kijani.

Wifi anakwenda tena mwezi ujao. Ameshaniomba nimwandikie maneno hayo kwenye simu yake kwa herufi kubwa, nimemtumia. Kuhusu mgahawa ule alisema kitambo kwamba alishasamehe, nisimkumbushe. Bilinganya hapiki tena nyumbani kwake, mama mkwe ameuliza mara mbili, anasema zinamletea kiungulia.

Mimi bado nataka nipite. Nimejifunza sentensi moja ya Kichina, kijana wa mizigo alinirekebishia sauti zake mpaka zikakaa sawa. Nitamwambia yule binti kwamba yule uliyemwokotea kwa vijiti vyake alikuwa amefunga tangu alfajiri. Halafu nimtazame anavyocheka.