Skana na printa kwa hesabu ya baa: kipi kinunuliwe kwanza Dar es Salaam

Mwenye baa anayekwenda Kariakoo kutafuta skana na printa za hesabu ya stoo mara nyingi huanza na kifaa na bei yake, ilhali kinachoamua kama kifaa hicho kitafanya kazi ni programu atakayoitumia. Kabla ya kulipa, mtake anayekuuzia programu ajibu kwa maandishi mambo matatu: programu yake inahitaji Android au iOS ya toleo gani, inapokea kwa njia gani namba inayosomwa na skana, na inatuma maelekezo ya kuchapa kwa lugha ipi ya printa. Asiyeweza kujibu hayo huenda hajawahi kuiweka programu hiyo kwenye baa yenye watu, na ni vyema ukaendelea na mwingine.

Njia ya skana ndiyo huleta usumbufu mwingi. Skana nyingi za Bluetooth zinaweza kujitambulisha kwenye simu kama kibodi, na namba ya msimbopau (barcode) ikajiandika yenyewe pale kishale kilipo. Kwa hiyo hukubaliana na karibu programu yoyote. Kasoro yake ni kwamba skana ikiunganishwa hivyo, kibodi ya kwenye skrini hujificha, na mtu wa kaunta anayetaka kuandika kwa kidole kwamba zimebaki chupa 14 hajui pa kuandikia. Skana nzuri huwa na kitufe cha kuirudisha kibodi. Kijaribu hapo hapo dukani. Wenye iPhone au iPad wana sharti la ziada: kifaa cha Bluetooth ya kawaida kinachotaka kuzungumza na programu moja kwa moja, bila kujifanya kibodi, lazima kiwe kimeidhinishwa chini ya mpango wa Apple uitwao MFi, na skana nyingi za bei nafuu hazimo.

Kwa baa yenye stoo moja na kaunta moja, kama zilivyo nyingi za Sinza, Tabata au Mbezi, nafasi ya kwanza naipa simu ya kawaida ya Android pamoja na skana ndogo ya Bluetooth ya picha, yaani inayosoma msimbo kwa kuupiga picha. Simu ikivunjika kioo, fundi yupo mtaa wa pili. Skana ikifa, inabadilishwa peke yake. Usikubali skana ya leza, hata kama ni ya bei rahisi, kwa sababu haisomi QR na wala haisomi msimbopau ulio kwenye skrini ya simu. Kamera ya simu pekee inatosha kwa rafu kavu yenye mwanga, lakini kwenye friji, ambako chupa inatoka jasho na kioo kinarudisha mwanga wa taa, itakuchosha kabla hujamaliza kreti la pili.

Skana ya picha nayo ina jambo lake. Chupa za pombe kali hubeba stempu ya kielektroniki ya TRA, na stempu hiyo ina msimbo wake, tofauti kwa kila chupa. Skana ikiukamata msimbo huo badala ya msimbopau wa bidhaa, programu itasema bidhaa haipo, au, vibaya zaidi, itasajili chupa moja ya Konyagi kama bidhaa mpya. Dawa yake ni kuipanga skana, unapohesabu chupa hizo, isome misimbopau ya bidhaa peke yake, hasa EAN-13, ule wa tarakimu 13, ambao kwa kampuni zilizosajili namba zake Tanzania huanza na 620. Mpangilio huo hufanywa kwa kuskani kurasa za kitabu kidogo kinachokuja na skana, kwa hiyo skana isiyo na kitabu iache.

Nafasi ya pili ni vifaa vya jamii ya Sunmi V2 Pro, ambavyo ni simu ya Android na printa ya karatasi ya milimita 58 katika umbo moja. Uzuri wake unaonekana wakati wa makabidhiano ya shifti: anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, kifaa kinatoa kikaratasi hapo hapo, wote wawili wanatia saini, na ubishi wa asubuhi kuhusu chupa tatu za Safari unaishia hapo. Karatasi za upana huo zinapatikana kwa urahisi kwa kuwa mashine nyingi za EFD hutumia karibu upana huo huo, ila angalia unene wa roli, maana roli nene haiingii kwenye kifaa cha mkononi. Hakikisha pia kwamba kifaa kina Play Store, na kwamba toleo unalouziwa lina skana ya kweli, kwa sababu baadhi hutegemea kamera tu. Nimekiweka cha pili kwa sababu printa ikiharibika, kifaa chote kinakwenda kwa fundi.

Nafasi ya tatu ni kompyuta za mkononi za kazi nzito, zenye umbo la simu na skana ndani yake, mfano Zebra TC22. Kwa ubora wa kifaa peke yake ingekuwa ya kwanza: ina betri inayobadilishwa, haiogopi maji ya kaunta, na programu yake ya DataWedge humwezesha fundi kuamua namba iliyosomwa iende wapi na kwa umbo gani. Hoteli ya Masaki yenye baa tatu na stoo kuu iinunue bila kusita. Baa ya kawaida itakuwa imelipia uimara ambao hautumiki.

Za mwisho ni zile za mtumba zenye Windows Mobile, kama Motorola MC55. Kifaa bado kinaweza kuwaka na kusoma vizuri, lakini mfumo wake endeshi umekwisha kuachwa na Microsoft, na programu za sasa za hesabu ya baa haziingii humo. Usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kwenye printa, anza na ya risiti ya milimita 80 yenye tundu la waya wa mtandao, inayoelewa lugha ya printa iitwayo ESC/POS. Lugha hiyo ilianzishwa na Epson na sasa inatumiwa na watengenezaji wengi, kwa hiyo Epson TM-T20III ni chaguo salama, na Xprinter hufuata kwa bei. Upana una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ya milimita 58 kwa kawaida hubeba herufi 32 kwa mstari. “Kilimanjaro Lager 500 ml” imekwisha kula 24, na nane zilizobaki hazitoshi kuonyesha idadi ya mwanzo, iliyobaki na tofauti. Ya milimita 80 hubeba 48, na ripoti inasomeka bila kuvunjika mistari. Waya nao ni bora kuliko Bluetooth kwa printa isiyohama, kwani simu mbili za kaunta zinaweza kuchapa bila kunyang’anyana muunganisho.

Printa ya stika inunuliwe mwisho, na si kila baa inaihitaji. Bia za chupa zinazorudishwa hukaa kwenye maji ya friji hadi lebo zinachubuka, na kubandika stika kwenye kila chupa ni kazi isiyokwisha. Bandika moja kwenye rafu au mahali pa kreti, skani hiyo, kisha andika idadi. Kwa kazi hiyo Zebra ZD220 inatosha, lakini inasikiliza lugha za ZPL na EPL, si ESC/POS, na inaunganishwa kwa USB tu, hivyo haitapokea kitu kutoka kwenye simu bila waya; anayetaka mtandao au Bluetooth aulizie ZD230 yenye sehemu hiyo. Chagua inayotumia utepe wa wino, maana stika za kuchapwa kwa joto tupu hufifia haraka kwenye joto na unyevu wa Dar. Kwa ndani ya friji, taka stika za plastiki na utepe wa resini.

Hakuna hata moja kati ya printa hizi inayochukua nafasi ya EFD. Kikaratasi cha mfumo wa stoo si risiti ya kodi, na mteja lazima apewe ya TRA, iwe kutoka kwenye mashine au kutoka kwenye VFD (EFD isiyo na mashine) iliyounganishwa na programu. Kama muuzaji anasema programu yake imeunganishwa, mwambie atoe risiti moja mbele yako, kisha ihakiki kwa simu yako kabla hamjazungumzia malipo.