Kidogo nirudishe spika dukani, kumbe shida ubao

Spika zenyewe ni za inchi 12, nilinunua jozi Kariakoo nikampelekea seremala, nikamwambia sitaki boksi, nataka ubao tu, nyuma wazi. Akanikatia vipande vya upana wa sentimita 40, vinapendeza kweli. Haya, washa sasa. Mwimbaji yupo kama kakaa sebuleni lakini besi hamna, yaani hamna kabisa, dansi za zamani unasikia kidole cha mpiga besi kinavyogusa uzi ila lile dundo lenyewe sijui limeenda wapi.

Nishazifungasha nizirudishe, fundi redio wa mtaani akaniambia hebu ing'oe uisikilize bila ubao. Ikalia kama redio ya mkulima! Ndo akanielewesha, koni (ule uso wa spika unaotikisika) ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na wimbi la besi ni refu mno, uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41, yaani unatetema mara 41 kwa sekunde, wimbi lake mita 8 na kitu, sasa kiubao cha sentimita 40 kitazuia nini, la nyuma linazunguka ukingoni linakutana na la mbele yanauana. Sauti za juu mawimbi yake mafupi, ndo maana zilikuwa salama.

Nikachukua plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, nikaikata nusu kwa nusu, tundu nikaliweka pembeni kidogo maana likikaa katikati kabisa kingo zote zinakuwa umbali mmoja na sauti ya kati inaharibika, nikazisimamisha sakafuni na sakafu nayo inasaidia kama mwendelezo wa ubao. Aisee. Besi hiyoo! Sio ya kutikisa madirisha, sabufa itabaki sabufa, ila namfuata mpiga besi noti kwa noti na ule mvumo wa boksi haupo. Kule chini kabisa bado inafifia, na usijidanganye na volyumu, koni itarukaruka tu.

Tatizo nafasi. Mama watoto kauliza hii milango miwili sebuleni inaenda wapi, ikabidi nipunguze upana ubaki sentimita 80 nikafunga mabawa ya 20 kila upande kwa bawaba, yanakunjwa nyuma, na besi sijaona ikipungua.

Spika nazipa nyota 4. Zile mbao za kwanza nimegeuza shelfu.