Wiki tatu na laini mpya ya mwendokasi: basi zuri, ruti sijaielewa

Nianze na mazuri maana ukianza na malalamiko watu wanasema una chuki binafsi. Basi lenyewe liko poa sana. Sakafu iko sawa na kituo, unaingia kama unaingia sebuleni, mzee mwenye fimbo haombi mkono wa mtu, na kadi unagonga getini kabla basi halijafika kwa hiyo hakuna habari ya konda anatafuta chenji wakati watu wamesimama mlangoni. Halafu njia yake wameiweka katikati ya barabara sio pembeni, hapo walipatia, pembeni huko kuna magari yanapaki, yanatoka mageti, wengine wanashusha mizigo, basi lingekuwa linapiga breki kila baada ya hatua mbili. Basi nalipa nyota 5.

Sasa ruti. Aisee.

Mimi nakaa karibu na ile barabara ya zamani, nyembamba, yenye soko, shule mbili na hospitali, ile ambayo asubuhi ukipata pa kushika kwenye kibasi unashukuru Mungu. Mwendokasi haupiti pale. Umepita barabara kubwa ya pembeni ya mji, leni sita, huku uzio, kule ukuta wa kiwanda. Ukiuliza unaambiwa kule hakuna nyumba ya kubomoa, hakuna fidia, mkandarasi anamaliza mapema. Sawa kamaliza mapema, ila abiria yuko wapi?

Juzi nikaamua kuhesabu. Kutoka kwangu mpaka kituoni dakika 18 kwa miguu, halafu lile daraja la juu, ngazi 52 kupanda na kushuka zingine, lifti ipo ila imebandikwa karatasi "haifanyi kazi" na karatasi yenyewe ishapauka kwa jua. Ndani ya basi nimekaa dakika 11. Yaani natembea muda mrefu kuliko ninaosafiri. Na chini ya daraja nimeona uzio umeshakatwa, watu wanapenya wanavuka barabara wakikimbia, watoto wa shule wamo, siku moja itatokea kitu pale.

Kibaya zaidi, kile kipande cha pembeni ya mji hakinaga foleni hata ukienda na gari lako, sasa njia maalum pale inamsaidia nani? Foleni inaanza ukikaribia katikati ya mji, na hapo hapo ndo njia maalum inaisha! Barabara imebana, hawakutaka kuwagusa wenye magari, basi linaingia kwenye msongamano kama gari lolote. Juzi tumekaa kwenye taa moja mpaka zimebadilika mara nne, mtu anauza maji katupita kwa miguu akarudi akatupita tena.

Jamaa yangu ananibishia, mbona Istanbul kule Uturuki metrobüs yao, yaani mwendokasi wao, inapita barabara kuu ya magari na inajaa pomoni. Kweli, tangu 2007 inapiga kazi, lakini ile barabara inakatiza mji wenyewe na inaenda kuvuka Bosphorus, ule mkondo wa bahari unaogawa mji, foleni za kwenda darajani ni za kutisha, basi linaziacha zimesimama. Hapo faida unaiona kwa macho. Wengine wanasema subiri, watu watajenga kufuata laini. Curitiba kule Brazili ilikuwa hivyo kweli, walianza 1974, ila hawakungoja itokee yenyewe, walipanga sheria za ujenzi maghorofa marefu yakae kando ya zile njia za basi. Sisi tutajenga wapi, juu ya ukuta wa kiwanda?

Na kujua watu walipo haikuwa kazi ngumu jamani. Simama asubuhi kwenye kila barabara, hesabu vibasi vinavyopita na vimejaaje, panda uone watu wanashukia wapi. Wale madereva hawajasomea mipango miji lakini wanajua abiria alipo, wasipojua hawali. Wangeangalia pia watu wanarudi saa ngapi, maana asubuhi basi likishusha mjini linarudi na watu wanne na dereva, huku mwisho wa laini hakuna ofisi wala chuo cha kumfanya mtu aje upande huu.

Nilikuwa nawaza labda wangefanya kama Guangzhou, China, kule tangu 2010 basi linatoka mtaani, linaingia njia maalum, linatoka tena kwenda mtaa mwingine na abiria hajainuka kwenye siti. Ingetufaa kabisa, lije mpaka sokoni lichukue watu. Kumbe haya ya kwetu milango iko upande mmoja tu, ule wa kituo cha katikati, na sakafu iko juu, likitoka nje ya njia yake abiria itabidi arukie katikati ya barabara. Kwa hiyo tumefunga ndoa na ule ukuta.

Vituo nyota 3, visafi ila lile daraja limewashusha. Ruti nyota 2, na hiyo ya pili ni kwa sababu mama mkwe anakaa kule mwisho wa laini na Jumapili inanifikisha vizuri. Kesho asubuhi mnitafute kwenye kibasi, nitakuwa nimeshika mlango.