Uzoefu wangu na Remote Play Together: gemu za kochi moja, wachezaji miji miwili

Cuphead na Lovers in a Dangerous Spacetime ni gemu za watu waliokaa mbele ya skrini moja. Ndani yake hakuna sehemu ya kucheza mtandaoni. Remote Play Together ya Steam, duka na programu ya gemu za kompyuta, iliyotoka rasmi Novemba 2019, inatatua hilo bila kuigusa gemu. Gemu inaendeshwa kwenye kompyuta ya mwenyeji peke yake, picha na sauti zinarushwa kwa mgeni kama video, naye anarudisha mibonyezo ya pedi yake (kidhibiti cha kuchezea cha mkononi). Gemu inaona pedi mbili kwenye mashine moja, basi. Anayenunua ni mmoja, na mgeni anaweza kuwa na kompyuta ya zamani au simu, mradi ionyeshe video bila kukwama. Huduma yenyewe hailipiwi, na kwa gemu za aina hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza.

Kuanza ni rahisi. Mwenyeji anafungua gemu, anabonyeza Shift na Tab, anatafuta jina la rafiki kwenye orodha, anabofya kulia na kuchagua Remote Play Together. Rafiki asiye na akaunti ya Steam anatumiwa kiungo, hata kwa WhatsApp, na kukifungulia kwenye programu ya Steam Link.

Hakikisheni mgeni ana pedi. Kibodi yake huhesabiwa kuwa ni ileile ya mwenyeji, kwa hiyo katika gemu nyingi mkibonyeza wote wawili mnamsukuma mhusika mmoja. Pedi ya USB ya bei ya chini inatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye intaneti, maana hapo ndipo mambo huharibika. Wengi wakipima mtandao hutazama kasi ya kushusha, ilhali kwa mwenyeji kinachohesabika ni kasi ya kupakia. Kwa picha ya ukubwa wa 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde ninatenga Mbps 10 (megabiti kwa sekunde). Kwa picha ndogo zaidi ya 720p, 5 zinatosha gemu nyingi za katuni. Mbps 10 kwa saa nzima ni GB 4.5, na 5 ni GB 2.25, kwa hiyo mwenye bando la simu apige hesabu kabla ya kuanza. Wageni wawili, zidisha mara mbili kwa upande wa mwenyeji.

Usiiachie video kasi yote. Mstari wa kupakia ukijaa, pakiti za data zinapanga foleni ndani ya ruta, na hapo pedi inaanza kuitikia kwa kuchelewa ingawa picha bado ni safi. Ninaweka kikomo kwenye asilimia 70 ya kasi iliyopimwa. Kikomo hicho, pamoja na cha ukubwa wa picha, kiko kwenye mipangilio ya Remote Play upande wa mgeni. Kwa mwenyeji, hakikisha usimbaji wa video (kugeuza picha za gemu kuwa video ya kurusha) unafanywa na kadi ya michoro. Ukiachiwa prosesa, gemu na video zinagombania nguvu ileile. Na mwenyeji atumie waya kwenda kwenye ruta. Wi-Fi ya GHz 2.4 kwenye nyumba zilizobanana hukatakata video hata kama kifurushi ni kikubwa.

Umbali hauna dawa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo njia ya kilomita 10,000, kama kutoka Dar es Salaam hadi Ulaya kwa nyaya za baharini, inakula milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla ya kitu kingine chochote. Fremu moja ya gemu ya fremu 60 ni milisekunde 16.7, kwa hiyo mgeni yuko nyuma kwa fremu sita hivi. Cuphead, inayodai kuruka na kupiga kwa wakati kamili, inakuwa adhabu. Lovers in a Dangerous Spacetime inavumilia, kwa sababu kazi kubwa ni kugawana vituo vya chombo cha anga mnachokiendesha pamoja na kuitana. Kuchelewa kote humwangukia mgeni, kwa hiyo kama mitandao yenu inalingana, mwenyeji awe yule anayeshika nafasi ngumu zaidi.

Mzungumze mkiwa na vipokea sauti masikioni. Spika ikiwa wazi, sauti ya gemu inaingia kwenye maikrofoni na mgeni anaisikia mara mbili.

Kwa gemu isiyokuwa kwenye Steam ninatumia Parsec, programu nyingine ya kurusha skrini kwa mgeni. Inaonyesha dawati zima la mwenyeji, kwa hiyo funga barua pepe na ujumbe, na mgeni mpe ruhusa ya pedi tu. Ikigoma kuunganisha ikitoa kosa la 6023, mara nyingi sababu ni mitandao ya simu inayowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Jaribuni kubadilishana mwenyeji, au huyo wa mtandao wa simu ahamie kwenye faiba.