Matembezi ya vita vya 1914 hapa Tanga: nendeni, na muulizeni habari za zepelini

Kama uko Tanga na unapenda historia mtafute yule kijana anayetembeza watu kwenye maeneo ya vita vya 1914, hela yake ni halali kabisa. Mnaanzia Raskazone waliposhuka Waingereza na wanajeshi wao wa Kihindi mwezi wa 11, mnakuja mdogomdogo mpaka stesheni ya reli. Habari ya nyuki waliowavamia wanajeshi katikati ya mapigano anaigusa tu anapita, na nimependa hivyo maana Tanga nani haijui.

Ila utamu wenyewe ni mkishakaa kivulini akaanza mambo ya ndege. Novemba 1917 Wajerumani walirusha zepelini L59, yaani chombo kirefu kama puto kilichojaa gesi na chenye injini, kutoka Jamboli, Bulgaria, ije huku kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa huku, risasi na dawa, mzigo wa tani kama 15, dude lenyewe mita 226 na halikupangiwa kurudi, lingefika lingebomolewa huku, kitambaa chake kiwe mahema. Likafika Sudan, magharibi ya Khartoum, likaitwa kwa redio ligeuze, likarudi mpaka Jamboli, masaa 95 hewani bila kutua, kilomita 6,757! Ukipiga hesabu ni kama kilomita 71 kwa saa, basi la Dar linaliacha, lakini enzi hizo hakuna ndege ya mabawa ingebeba mzigo ule umbali ule.

Hapo ndo natofautiana naye. Yeye anasema lingefika vita ingegeuka, mimi sioni kabisa, kwa sababu siku ileile linatua Jamboli, tarehe 25, Lettow alikuwa anavuka Ruvuma na kule Ngomano, Msumbiji, akawapokonya Wareno bunduki na risasi kibao, yaani alichokuwa anasubiri kutoka angani alikipata kwa miguu. Halafu lile ni jumba la haidrojeni, cheche moja kwisha habari, na hiyohiyo L59 iliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia Aprili 1918 wakafa wote waliokuwemo. Kwa kubeba mizigo vitani mimi siiamini.

Kwa kumchungulia adui kutoka juu sasa, hapo kitu cha polepole ni mali. Na hapa ndo namkata nyota moja, ya Rufiji kaipitia juujuu mno. Manowari ya Königsberg ilijificha kwenye delta, mikoko kila upande, meli za Waingereza haziioni, wakatumia vindege dhaifu vilivyorukia Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 rubani na mwangalizi wake wakawa wanazunguka juu, mwangalizi anawaambia kwa redio kombora limeangukia wapi, wasogeze wapi, hata ndege yao ilipopigwa wanashuka bado anatuma taarifa, na manowari ikaisha siku hiyo. Ndicho wanachofanya droni za leo, Bayraktar TB2 ya Uturuki inakwenda kama kilomita 130 kwa saa na inakaa juu siku nzima, adui akiwa hana makombora ya kutungulia ndege utaifaidi, akiwa nayo utazipoteza moja moja.

Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, bebeni maji, na watoto wakubwa wapelekeni maana anaeleza kwa Kiswahili kizuri na hakimbizi mtu. Na mwambieni mapema kwamba mnataka ya Rufiji kwa urefu, ukimuuliza anaijua vizuri tu.